Maswali 27 na majibu yasiyorudi uwanjani

Mwaka 2003, ndani ya ukumbi wa michezo wa Nyayo, Nairobi, saa moja hivi kabla ya mechi, kila mchezaji wa timu yetu ya voliboli alipewa karatasi mbili zilizobanwa pembeni na kalamu ya kuazima. Maswali yalikuwa 27. Kila moja lilikuwa sentensi fupi ya Kiingereza kuhusu unavyojisikia wakati huo huo, na mbele yake tarakimu nne za kuzungushia duara: 1 ni hapana kabisa, 4 ni sana. Kijana aliyezigawa alikuwa mwanafunzi wa uzamili, mpole, amevaa shati lililonyooka kwa pasi. Alituambia hakuna jibu la sawa wala la makosa.

Mwenzangu aliyecheza katikati ya wavu alinigusa bega. "Dada, hapa wananiuliza kama naogopa kukabwa. Kukabwa na nani?"

Nikasoma. Neno la Kiingereza lilikuwa lile la mtu aliyekwamwa na chakula kooni. Nikamwambia sijui, weka moja tu. Akaweka moja, nami nikaweka moja. Ilinichukua miaka kujua kwamba wenye lugha yao hulitumia neno hilo kwa mchezaji anayepotelewa na mchezo wakati ushindi uko mkononi, yule ambaye sisi tungesema amepigwa na kiwewe, mkono umemwisha. Na hicho ndicho kitu ambacho mimi na mwenzangu tulikiogopa siku ile kuliko kufungwa kwenyewe. Kwa hiyo karatasi zetu zilisema uongo, na hakuna kati yetu aliyekusudia kudanganya.

Kisha kocha ndiye aliyezikusanya. Alizipitia moja moja akitembea kuelekea mlangoni alikosimama yule kijana. Mmoja wetu alipoona hivyo alikimbia akaomba yake irudishwe, akafuta jibu, akaandika jingine. Tukaingia uwanjani. Habari ya zile karatasi sikuisikia tena hadi leo.

Sasa mimi ndiye kocha. Nafundisha wasichana wa shule moja huku Makadara, na nina mchezaji mmoja mwenye mkono mzuri kuliko wote waliopita mikononi mwangu. Mazoezini akianzisha mpira, unapita juu ya wavu kama umevutwa kwa kamba. Seti ikifika 23 kwa 23, mpira ule ule unaingia wavuni. Nimemtazama akipangusa kiganja kwenye kaptura mara tatu, mara nne, kabla hata filimbi haijalia. Nilitaka nimpe kitu zaidi ya neno ambalo makocha wetu wote hulitoa bure: jikaze.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kusoma, kwenye simu, usiku, orodha za machapisho za wahadhiri wanaotafiti saikolojia ya michezo katika vyuo vyetu. Ukiwa mtu wa uwanjani, orodha ya namna hiyo inasomeka kama majina kwenye kibao cha matokeo: mwaka, waandishi, kichwa, jina la jarida, namba ya toleo, kurasa. Lakini vichwa vyenyewe nilivielewa. Wasiwasi kabla ya mashindano. Hamaki uwanjani. Motisha. Mtindo wa kocha na jinsi wachezaji wanavyoupokea. Mtazamo wa wanamichezo kuhusu dawa haramu. Imani za uganga katika soka. Maisha baada ya kustaafu. Nikasema moyoni, kumbe kuna watu wamekuwa wakiandika kuhusu maisha yangu miaka yote hii. Nikabonyeza makala niliyoyahitaji zaidi. Yakataka nilipe kwa dola ndipo yafunguke.

Nina hoja moja, na naisema kwa heshima kwa watu walioumiza macho kusoma hadi wakafika walikofika. Orodha ya machapisho ya mtafiti wa tabia za wanamichezo huwa tunaisoma kutoka upande wa chuo: ni mangapi, yametajwa mara ngapi, katika jarida gani. Nataka tuisome kutoka upande wa benchi. Aliulizwa nani, kwa lugha gani, karatasi ikakusanywa na nani, na jibu lilimfikia nani.

Nianze na lugha, kwa sababu hapo ndipo kuna mambo mengi.

Ile karatasi ya Nyayo sasa naijua. Ni kipimo cha woga wa mashindano kilichotengenezwa Marekani na Rainer Martens na wenzake, kikaelezwa kwa urefu katika kitabu chao cha mwaka 1990. Kinagawa hali ya mchezaji mafungu matatu ya maswali 9 kila fungu: wasiwasi wa mawazoni, wasiwasi wa mwilini, na kujiamini. Kimetumika duniani kote, na mgawanyo wenyewe ni wa busara. Mchezaji anaweza kuwa na akili tulivu huku moyo unadunda, na mwingine mwili wake umetulia lakini kichwani anajiona ameshafungwa. Hawa wawili huwezi kuwapa dawa moja.

Ila hata wenye Kiingereza chao kiliwasumbua. Mwaka 1999 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Andrew Lane walionyesha kasoro katika maswali ya fungu la mawazo: neno lililotumika humo linaweza kuwa na maana ya kuhofia, na linaweza pia kuwa na maana ya kulichukulia jambo kwa uzito. Anayeijali mechi na anayeiogopa mechi wote wanazungusha tarakimu ile ile. Mwaka 2003, mwaka ule ule tuliokuwa tumekaa kwenye sakafu ya Nyayo, Richard Cox na wenzake walichapisha toleo lililosahihishwa lenye maswali 17. Sisi tulikuwa tumeshika lile la zamani.

Hayo ni ya wenye lugha. Sisi tuna yao na yetu. Chukua swali la 14, linalouliza kama mwili umetulia, haujabana. Hili ndilo swali pekee katika fungu la mwili ambalo alama zake hugeuzwa: ukiweka 4, unahesabiwa kuwa huna woga. Sasa mpe mtafsiri asiyewahi kucheza. Ataandika "mwili wangu umelegea", na kwa kamusi hajakosea. Lakini muulize mchezaji yeyote wa Kayole au Kibra siku aliyoingia uwanjani mwili umelegea ilikuwaje. Atakwambia miguu haikuwa na nguvu, mikono kama matambara, mpira unamjia anauona lakini hafiki. Kulegea kwetu ni udhaifu, na mara nyingi ni woga wenyewe. Msichana aliyelegea kwa hofu atazungusha 4 kwa moyo safi, na kompyuta itamwandika miongoni mwa waliotulia.

Kuna njia inayofundishwa ya kukwepa mitego ya namna hii. Richard Brislin aliieleza mwaka 1970: mtu mmoja anatafsiri kwenda, mwingine asiyeiona karatasi ya kwanza anatafsiri kurudi, kisha unalinganisha. Ni njia nzuri na inanasa mengi. Lakini "umelegea" utarudi Kiingereza salama salimini. Mtafsiri wa pili ataandika neno lile lile la mwanzo, watafiti watapeana mikono, na kosa litapita katikati yao likiwa limevaa suti. Wa kulinasa ni mchezaji peke yake, aketi na karatasi na aulizwe: wewe ukisoma hapa unaelewa nini?

Na tazama neno letu kuu la kutia moyo. Jikaze. Katika ile hojaji, mwili uliokaza ni dalili ya woga, na dalili hiyo ina swali lake. Yaani tiba tunayoipiga kelele kutoka pembeni ya uwanja ndiyo maradhi yaliyoorodheshwa kwenye karatasi. Sijui nimewaambia wasichana wangapi wajikaze, nao kwa utiifu wakakaza mabega, wakakaza kiwiko, wakakaza vidole, wakaupiga mpira wavuni. Laiti mtu mmoja angeniletea hilo tu, sentensi moja kwa Kiswahili, mwaka ninaanza kufundisha.

Kiswahili chenyewe hakijapungukiwa. Magazeti yetu hayawezi kumaliza wiki bila kuandika kwamba kuna tumbo joto kambini. Tunasema kijasho chembamba, mate kukauka, moyo kwenda mbio, magoti kugongana, roho mkononi. Karibu kila usemi wetu wa hofu umekaa kwenye kiungo cha mwili. Mtafiti aliyekulia katika lugha hii, akianza na semi hizo badala ya kuanza na karatasi ya Marekani, anaweza kugundua kwamba mafungu matatu ya Martens hayatoshi kwetu, au kwamba mstari kati ya wasiwasi wa mawazo na wa mwili unapita mahali pengine kabisa kwa mtu ambaye kwake wasiwasi wote unaanzia tumboni. Makala ya namna hiyo yangekuwa na uzito kuliko kumi yanayorudia kipimo kile kile kwa timu nyingine ya chuo kingine. Katika orodha nilizozisoma, hojaji za kuagiza ni nyingi. Iliyozaliwa hapa sikuikuta.

Sisemi kwamba watafiti wa kwetu hawana cha kuonyesha. Kuna makala moja ya mwaka 2006 ambayo kila mtu anayeongea kuhusu wakimbiaji wa Kenya angepaswa kuyajua. Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, pamoja na Robert Scott, Michael Boit na Yannis Pitsiladis, waliwahoji wakimbiaji 404 wa kiwango cha juu na Wakenya wengine 87 wasio wakimbiaji. Waliuliza mambo ya kawaida: ulizaliwa wapi, unazungumza lugha gani, shule ilikuwa mbali kiasi gani na ulifikaje. Katika wale wasio wakimbiaji, asilimia 22 walikuwa wakienda shule mbio. Katika wakimbiaji wa kitaifa, asilimia 73. Katika waliokwisha kuiwakilisha nchi nje, asilimia 81, na hao ndio waliokimbia umbali mrefu zaidi.

Sio saikolojia kwa maana finyu, lakini ni tabia, na ni swali ambalo mkimbiaji analielewa bila kamusi. Halafu angalia jina la tatu katika orodha ile ya waandishi. Michael Boit ni yule yule Mike Boit aliyeleta medali ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, kisha akawa profesa wa sayansi ya michezo Kenyatta. Mtu aliyekuwa pande zote mbili za hojaji. Naamini, bila ya kuwa na namna ya kuthibitisha, kwamba makala yale yaliuliza maswali yenye kichwa na miguu kwa sababu mezani alikuwepo mtu aliyewahi kusimama kwenye mstari akisubiri bunduki.

Na yalihitajika. Kwa miaka mingi dunia imetueleza sisi wenyewe habari zetu, na neno lake la kwanza limekuwa damu: wamezaliwa hivyo. Mwaka 2003 Joseph Baker na Sean Horton waliandika katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo kwamba imani hiyo yenyewe inaweza kuwa sehemu ya ushindi wetu, kwa kuwa mpinzani anayeamini kwamba Mkenya hashindiki anaingia mbioni ameshakata tamaa nusu. Ni wazo zito. Lakini likae kidogo uliangalie upande wa pili, upande wa kijana wa Kenya anayemaliza wa 14. Kama washindi wamezaliwa, yeye amezaliwa nini? Huo ni utafiti ambao mgeni hawezi kuufikiria kirahisi, na mtu wa Nairobi au Eldoret anaweza.

Nipite haraka kwenye suala la kwa nini orodha ziko zilivyo, kwa sababu linajulikana. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa alama za machapisho. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vyake mwaka 2014. Alama inatoka kwenye jarida. Haitoki uwanjani. Mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni mwaka 2005 kipimo kinachotumika sasa kila mahali: mtafiti mwenye 10 ana makala 10 ambayo kila moja limetajwa na wenzake angalau mara 10. Wenzake, sio makocha. Msichana wangu akianzisha mpira vizuri kwa sababu ya makala fulani, hakuna kipimo kinachopanda. Ongeza majarida ya kulipia yanayochapisha chochote, ambayo Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, alikuwa akiyaorodhesha hadi alipolazimika kufunga orodha yake Januari 2017. Ongeza darasa la wanafunzi mia kadhaa, na kibali cha utafiti, na nauli ya kutoka mfukoni. Ndiyo maana waliojaza hojaji katika tafiti nyingi ni wanafunzi wa michezo ya vyuo: wako karibu, wanajua Kiingereza, hawana haraka. Simlaumu mtu mmoja mmoja. Nalaumu mizani.

Lakini kuna jambo ambalo halihitaji fedha wala cheo, nalo ni nani anashika karatasi. Nirudi kwa yule dada aliyefuta jibu lake pale Nyayo. Alikuwa anajibu swali la woga tu. Fikiria lingekuwa swali la dawa.

Mwaka 2011, katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Daegu, Korea Kusini, watafiti waliwauliza wanariadha kama wametumia dawa au njia haramu kwa makusudi katika mwaka uliopita. Waliuliza kwa ujanja mzuri sana. Mwanariadha alitakiwa afikirie tarehe ya kuzaliwa ya mtu anayemjua, tuseme mama yake. Kama ni siku za mwanzo wa mwezi, anajibu swali lisilo na madhara: je, tarehe hiyo iko katika nusu ya kwanza ya mwaka? Kama ni siku za baadaye, anajibu swali lenyewe. Anabonyeza ndiyo au la, na hakuna anayejua kama ndiyo yake ni ya mama au ya sindano. Ukikusanya majibu ya wengi, hesabu inakupa kiwango cha kundi bila kumfichua mtu hata mmoja.

Matokeo yalipochapishwa miaka sita baadaye, makadirio yalikuwa asilimia 43.6, na hata watafiti walipoyabana kwa kila tahadhari waliyoweza hayakushuka chini ya 30. Vipimo vya maabara katika mashindano yale yale vilikuwa vimenasa karibu asilimia 0.5. Nilipoyasoma niliweka simu chini nikaketi. Sio kwa sababu ya ukubwa wa namba. Ni kwa sababu watu walisema ukweli mara tu walipopewa mahali salama pa kuusemea.

Sisi tumekuwa na ripoti ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, ya mwaka 2018, iliyohesabu wanamichezo 138 wa Kenya walionaswa kati ya 2004 na mwaka huo, na ikaeleza kwamba huku kwetu mambo hayaendeshwi na mitambo mikubwa ya siri, ni ya kubahatisha, na kwamba elimu haiwafikii wanamichezo inavyotakiwa. Tuna sheria ya 2016 dhidi ya dawa hizo na shirika lake la Kenya, ADAK. Tunapima mkojo, tunapima damu. Lakini mkojo hausemi kwa nini. Hausemi nani alimpa, alimwambia ni nini, alikuwa anadaiwa kiasi gani nyumbani. Hayo yanapatikana kwa kuuliza, na kuuliza kunategemea karatasi haipiti mikononi mwa kocha, wala mwa afisa, wala mwa meneja aliyemlipia kodi ya chumba. Hojaji ya mtazamo kuhusu dawa iliyogawiwa kambini na mwenye kambi ni karatasi iliyoharibika kabla haijaandikwa. Natamani kila mtafiti aandike katika makala yake, wazi kabisa, nani alikusanya.

Na kuna maswali ambayo katika orodha nilizosoma karibu hayapo.

Septemba 2021 Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 katika mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia wakati huo kwa mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Wenzake waliunda Tirop's Angels kusaidia wanawake wanaodhulumiwa, na walikuwa na ujuzi wa jambo hilo kabla ya mtafiti yeyote kuwauliza. Sasa fungua hojaji zetu za motisha. Kwa nini unakimbia? Kwa kupenda? Kwa sifa? Kwa fedha? Hakuna linalouliza: fedha ikiingia, kadi ya benki inashikwa na nani? Nani anakupangia mbio? Ukitaka kubadilisha kocha, unaweza, na ukirudi nyumbani jioni hiyo itakuwaje? Mwanariadha anaweza kuweka 4 katika kila swali la kujiamini na bado asiwe na mamlaka juu ya viatu vyake mwenyewe. Hiyo pia ni saikolojia ya michezo. Ningesema ndiyo ya kwanza.

Au Henry Rono. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mita 3,000. Olimpiki hakuwahi kukimbia, kwa sababu Kenya ilisusia ya 1976 na ya 1980. Alikuja kueleza mwenyewe, bila kuficha, miaka yake ya pombe na ya kukosa makao huko Marekani. Alifariki hapa Nairobi Februari 2024. Wataalamu wana jina la hali ya mtu ambaye nafsi yake yote imejengwa juu ya mchezo mmoja, na Britton Brewer na wenzake waliipa hali hiyo kipimo chake cha maswali 10 mwaka 1993. Ni maswali mazuri, mengine yanachoma. Lakini sijui kikao hata kimoja nilichowahi kuitwa, mimi au kocha yeyote ninayemjua huku Eastlands, kuambiwa kwamba kipimo hicho kipo na namna ya kuzungumza na kijana wa miaka 19 aliyevunjika goti.

Najua jibu linalotolewa mara kwa mara: makocha hawasomi, na wakiletewa hawasikilizi. Lina ukweli ndani yake, na si la leo. Coleman Griffith, aliyefungua maabara ya saikolojia ya michezo katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1925, aliajiriwa mwaka 1938 na mwenye timu ya besiboli ya Chicago Cubs. Aliandika mamia ya kurasa za ripoti. Kocha mkuu hakumtaka, wachezaji waliambiwa wasimjali, na kazi ikaishia hewani. Kisa hicho husimuliwa kama kosa la kocha. Mimi naona na jingine: ripoti zilikuwa zinapelekwa kwa mwenye timu. Kama ningekuwa mchezaji, na mtu ananitazama kila siku na daftari, halafu daftari linaenda kwa anayenilipa mshahara, nami ningenyamaza.

Kwa upande mwingine kuna Julius Yego. Alianza bila kocha wa mkuki. Alitazama video za warushaji wakubwa kwenye YouTube, akarudia, akarusha, akatazama tena, na mwaka 2015 mjini Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Kila ninapoambiwa kwamba wanamichezo wetu hawapendi maarifa, namkumbuka. Alikwenda yalikokuwa, kwa sababu yalikuwa mahali anapoweza kufika, bila nywila na bila dola.

Kwa hiyo ninachoomba si kikubwa. Kila utafiti uliofanywa kwa kuwahoji wanamichezo wetu uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, wa kubandika mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Hojaji ijaribiwe kwa wachezaji watano kabla ya kupelekwa kwa mia tano, na maneno waliyogombania yaandikwe ndani ya makala, maana mgogoro ule wa maneno ni matokeo tayari. Tume ikihesabu alama, ihesabu na mrejesho: tarehe, mahali, nani alikuwepo. Mhadhiri anayerudi Nyayo na Kasarani apate kitu kwa kurudi, kama anavyopata yule anayesafiri kwenda kusoma karatasi yake kwenye kongamano.

Mwezi uliopita nilikaa na wasichana wangu chini ya mti tukajaribu kuyaweka yale maswali kwa maneno yetu. Swali la kukabwa lilituchukua karibu nusu saa. Mmoja alisema liwe "naogopa mkono kunifia", mwingine akakataa, akasema hata yeye mkono haumfii, kinachokufa ni macho, haoni tena mahali pa kuupeleka mpira. Yule mwenye mkono mzuri hakusema kitu hadi mwisho. Kisha akasema kwake ni masikio: seti ikifika 23, hasikii tena seta akimwita. Nimemfundisha miaka miwili na hilo sikulijua.

Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na nusu. Mtafiti akija atakaribishwa, na wasichana watajaza. Ila aje na kalamu zake, karatasi azikusanye yeye mwenyewe, mimi nitasimama ng'ambo ya uwanja, na kabla hajaondoka ataje tarehe ya kurudi.